Mto Haukuleta Isale

Ugomvi wangu na Mwalimu Evelyn ulianza kwa sababu ya maji kupanda mlima.

Nilikuwa natoka kuzibua mfongo, ule mfereji wetu wa tangu enzi za mababu unaoleta maji kwenye vihamba, mashamba yetu ya nyumbani. Nina jembe begani, matope mpaka magotini. Nikamkuta binti amekaa kwenye jiwe kando ya njia, karatasi mapajani, kisahani cha rangi pembeni, anauchora mfongo wangu. Aliponiona akasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekosea."

"Nimekosea wapi?"

"Maji yako yanapanda mlima. Hapa kwenye mgomba yapo chini, pale kwenye kahawa yapo juu. Mfongo huo nani amekuchimbia, serikali?"

Alicheka mpaka brashi ikamtoka mkononi. Akaigeuza karatasi huku na huku, akakubali kwamba kweli maji yake yalikuwa yanapanda. Akaniambia yeye ni mwalimu wa sanaa, ana diploma, na huu ni mwaka wa sita anasubiri ajira. Hilo halikunishangaza. Wanaogawa ajira wana watoto wao. Akasema kwa sasa anafundisha watu wazima kuchora kwa rangi za maji, kila Alhamisi mchana, kwenye ukumbi wa kata.

"Njoo unifundishe maji, baba, na mimi nikufundishe rangi."

Nikamwambia nina miaka sitini na nne, nimeishia darasa la nne, na mke wangu amekufa. Sijui hilo la mwisho lilinitoka kwa nini. Siku hizo nilikuwa nalitaja kila mahali, hata nikienda dukani kununua chumvi.

Inabidi nieleze habari za Dominika, mke wangu, maana bila yeye hakuna picha.

Kijiji chetu kiko juu ya Marangu, na kati yetu na barabara ya magari kuna mto. Kiangazi unauvuka kwa kurukaruka mawe. Masika hauvukiki. Daraja tumeahidiwa chaguzi nne mfululizo, na chaguzi zote nne tumeimba na kupiga makofi, wajinga sisi. Mwezi wa nne mwaka juzi Dominika alianguka jikoni. Ilikuwa presha. Tukamlaza kwenye machela, tukabeba wanaume wanne, tukateremka naye mtoni. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwa limeshafika ng'ambo, limewasha taa. Mto ulikuwa umejaa, unabingirisha mawe. Na ng'ambo hiyo alisimama mtendaji wetu wa kata, Godlove, na mwavuli wake wa bluu, faili kwapani amelifunika kwa nailoni, anatupigia kelele: "Subirini! Subirini maji yapungue!"

Tulisubiri masaa matatu. Maji yalipopungua hatukuwa na haraka tena.

Baada ya mazishi nilipanda basi kwenda kuulizia daraja wilayani. Kijana mmoja mhandisi akafungua kompyuta yake, akasoma, akaniangalia kwa huruma. "Mzee, hapa imeandikwa kivuko chenu kinapitika mwaka mzima. Ndiyo maana hamko kwenye orodha." Nikamuuliza imeandikwa na nani. Akasema ni taarifa ya mtendaji wa kata.

Mwaka mzima! Mtu aliyesimama pale na mwavuli.

Niliandika barua tatu. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilirudi, wakasema haikupitia ngazi husika. Ngazi husika ni Godlove. Kwa hiyo ya tatu nikampelekea yeye mwenyewe, mkononi. Aliisoma mbele yangu, akachukua kalamu nyekundu, akanisahihishia makosa kama ninafanya mtihani, akanirudishia. "Kaandike vizuri, mzee, ndipo nitaipeleka." Niliitia jikoni, nikaichemshia chai.

Basi Alhamisi iliyofuata nikaenda kwenye hayo masomo ya rangi. Sikwenda kwa kupenda rangi. Nilikwenda kwa sababu nyumba ilikuwa imenishinda.

Tulikuwa wanafunzi saba, wote wenye mvi. Ninaowakumbuka zaidi ni wawili. Mmoja ni Aikande, jirani yangu, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, mdomo wake haujui kupumzika. Mwingine ni mzee Eliezeri, aliyekuwa mwongoza wageni mlimani miaka thelathini, ambaye kila somo alichora kilele cha Kibo na hakuchora kitu kingine chochote.

"Heh! Baba Sirili!" Aikande akasema nilipoingia. Sirili ni mwanangu, yuko Dar. "Karibu. Ila ujue sisi Walutheri tunachora moja kwa moja, hakuna kuungama kwanza."

"Ndiyo maana ng'ombe wako anafanana na meza," nikamjibu, maana nilikuwa nimeshaiona karatasi yake. Ukumbi ukacheka. Aikande akacheka kuliko wote. Nikakaa.

Siku ya kwanza niliaibika. Mimi rangi ninayoijua ni ya kupaka ukuta. Unachovya, unapaka nzito, unarudia mpaka pasionekane kitu chini. Nikapaka hivyo hivyo. Karatasi ikalowa, ikajikunja, ikaanza kutoa nyuzi kama kitambaa kilichochakaa. Majani yangu ya mgomba yakawa tope. Nikatafuta nyeupe nirekebishe, sikuiona.

"Mwalimu, nyeupe iko wapi?"

"Hakuna nyeupe, baba."

"Imeisha? Mmeletewa pungufu?"

"Hatutumii nyeupe. Nyeupe ni karatasi yenyewe. Unapoitaka, unaiacha tangu mwanzo. Ukishaipaka rangi huipati tena."

"Sasa theluji ya Eliezeri ameitoa wapi?"

"Sikuitoa mahali," Eliezeri akasema kwa maringo. "Nimeiacha."

Niliwaza hilo njia nzima kurudi nyumbani. Kitu cheupe kuliko vyote kwenye picha ni kile ambacho mkono haukukigusa. Sijawahi kufanya kazi ya namna hiyo. Kazi zote ninazozijua, usipogusa hakuna kitu.

Wiki ya tatu ndipo nilipopata ufunguo, na nikaupata mwenyewe. Mwalimu alitufundisha kupaka anga. Unalowesha karatasi kwa maji matupu, halafu unagusisha rangi juu, rangi inajisambaza. Wenzangu rangi zilikuwa zinawakimbia kila upande. Aikande alikuwa anaifukuza ya kwake kwa brashi kama anafukuza kuku. Mimi nikasimama, nikainamisha ubao wangu kidogo, nikaona rangi inateremka. Nikasema, aa! Hii naijua.

Maana ni mfongo mtupu. Unafungua maji juu, yanashuka yenyewe, wewe kazi yako ni mteremko. Ukitaka yageuke huyasukumi, unaweka kizuizi. Sisi shambani tunaweka kipande cha gogo la mgomba na udongo, pale nikaweka ncha ya kitambaa. Na ukishamwagilia, huingii shambani. Unasubiri ardhi inywe. Ukikanyaga kabla haijanywa unapata tope. Ndiyo maana majani yangu yalikuwa tope, nilikuwa nakanyaga shamba bichi!

Mwalimu Evelyn alikuja akasimama nyuma yangu. Anga langu lilikuwa linashuka kutoka bluu ya juu mpaka ukungu kwa chini, bila mkwaruzo hata mmoja.

"Baba Sirili, hii umejifunza wapi?"

"Miaka hamsini nageuza maji, mwalimu. Hukujua?"

Aikande akasema, "Msimsifu, atatudai na sisi zamu ya maji." Lakini kipindi kilipokwisha alikuja kimyakimya kuniuliza ubao unainamishwa kiasi gani.

Nilichora. Nilichora mfongo, nilichora mikungu ya ndizi, nilichora kahawa ikiwa na maua. Sahani yangu ya rangi ilikuwa ile ya bati ya Dominika, yenye ukingo wa bluu. Jioni nikimaliza kukata majani ya mbuzi nilikaa mlangoni na karatasi badala ya kukaa na hasira. Hasira haikwisha, nisidanganye. Ila ilikuwa na mahali pa kukaa.

Mwezi wa saba wa masomo, Mwalimu akatutangazia kwamba tutafanya maonyesho palepale ukumbini. Mgeni rasmi atatoka wilayani, mama mmoja mkubwa, ndiye anayesimamia mambo ya barabara na madaraja. Kila mwanafunzi atatundika picha moja, na mgeni atapita kwenye kila picha, atasimama, ataelezwa.

Wenzangu walianza kubishana juu ya nguo za kuvaa. Mimi nilikuwa nawaza barua zangu tatu. Barua mkubwa anaitia kwenye droo. Simu haipokei. Lakini picha iko ukutani, yeye mwenyewe amealikwa aje kuiangalia, watu wamezunguka, hawezi kusema haikupitia ngazi husika. Atasimama mbele ya mto wangu na macho yake mwenyewe.

Nikasema nitachora siku ile. Na picha hiyo itatundikwa, hata iweje.

Niliichora mara kumi na moja. Kumi zilikwenda jikoni. Mto ndio uliokuwa mgumu, kwa sababu povu ni jeupe, na nyeupe unaiacha. Kwa hiyo ilibidi nijue kila mahali povu litakapokuwa kabla sijagusa maji. Nilikwenda kukaa kwenye ule ukingo siku nyingi nikiangalia. Nilikuwa sijakaa pale tangu tulipomteremsha.

Ya kumi na moja ikakubali. Mto wa rangi ya chai ya maziwa, povu limebaki karatasi tupu. Upande wa huku, wanaume wanne na machela. Uso wa Dominika sikuuchora, singeweza. Nilichora kanga nyekundu iliyomfunika, na mkono mmoja umetoka nje. Ng'ambo, gari na taa zake. Na kando ya gari, amesimama wima, mtu mwenye mwavuli wa bluu na faili kwapani. Bluu ile niliipaka kwa moyo wote. Mwalimu alinionya, "Baba, bluu hiyo ni kali, ikishika imeshika." Nikamwambia ndiyo ninayoitaka.

Nilipomaliza, Aikande aliiangalia muda mrefu bila mzaha. Akasema tu, "Huyu ni Mama Sirili," akafuta macho kwa kitenge chake, akaenda nje kuangalia kama mvua inakuja.

Siku mbili kabla ya maonyesho Godlove alikuja kukagua ukumbi. Ukumbi ni wa kata, kwa hiyo funguo ni zake. Akapita picha moja moja na tabasamu la mwenyeji. Kwenye Kibo ya Eliezeri akasema safi sana. Kwenye ng'ombe wa Aikande akasema ng'ombe mzuri, na Aikande akamshukuru kwa kumtambua. Alipofika kwenye ya kwangu tabasamu likaondoka.

"Hii haitundikwi."

"Kwa nini?" Mwalimu Evelyn akauliza.

"Maonyesho ni ya kupendezesha kata. Mgeni anakuja kuona maua, mlima, kahawa. Siyo msiba. Mwalimu, wewe bado unatafuta ajira, sivyo?"

Nikataka kusema basi, niiondoe, binti wa watu asije akaumia kwa ajili yangu. Lakini yeye akanitangulia. "Natafuta, ndiyo. Nimezoea kutafuta. Ya Baba Sirili isipotundikwa, zote zinashuka."

"Na Kibo yangu inashuka," Eliezeri akasema.

"Na ng'ombe anarudi zizini," Aikande akadakia. "Mgeni rasmi utamwonyesha nini, mtendaji? Utasimama wewe ukutani?"

Godlove alitoka bila kuaga. Tukashangilia kama vijana. Nilidhani tumeshinda. Sikumjua bado.

Kesho yake asubuhi nikiwa nakama mbuzi nikasikia hodi. Ni Godlove, amevaa shati la Jumapili, na nyuma yake mzee Eliezeri, uso ameuinamisha. Godlove alikuwa ameshika kwa mikono miwili jani la isale, limefungwa fundo.

Asiye wa kwetu anaweza asielewe uzito wake. Isale ni mmea tu, tumeupanda kwenye mipaka yote na kwenye makaburi. Lakini mtu aliyekukosea akiufunga fundo, akaja kwako na mzee wa kumsindikiza, akakupa, amekiri kosa na anaomba msamaha. Na wewe hukatai. Hata kama alikuchomea nyumba, hukatai. Ukishapokea, shauri limekwisha, humtangazi tena, humdai tena. Sijawahi kusikia Mchagga aliyerudisha isale akaishi kwa amani na watu.

"Baba Sirili," akasema, na sauti yake haikuwa ya ofisini, "nimekukosea. Niliandika kivuko kinapitika kwa sababu bosi wangu wa wakati ule alitaka taarifa nzuri. Na barua yako niliichezea. Nisamehe."

Nikamwangalia Eliezeri. "Na wewe umekubali kumleta?"

"Aliniomba, meku, mzee mwenzangu. Mtu akikuomba umsindikize na isale unakataaje?"

Nilisimama na ndoo yangu ya maziwa. Miaka miwili nilikuwa nikimsubiri aseme maneno hayo, na sasa ameyasema siku moja kabla ya maonyesho, si mapema, si baada. Ametumia mila yetu kama mwavuli. Nikikataa, kijiji kizima kitasema mimi, Basili, ndiye mwenye kosa. Nikikubali, kinywa changu kimefungwa, na picha ni kinywa changu.

Niliweka ndoo chini. Nikanawa mikono. Nikapokea isale.

"Nimekusamehe," nikamwambia. Na nilisema kweli. Isale halipokewi kwa uongo. "Kuanzia leo hutakuwepo kwenye picha yangu."

Akapumua mpaka mabega yakashuka. "Asante, baba. Asante sana. Basi hiyo picha—"

"Picha itakuwepo."

"Si umesema umesamehe?"

"Nimekusamehe wewe. Wewe ndiye umeleta isale. Mto haukuleta isale."

Mzee Eliezeri akakohoa, na mimi ninajua kikohozi cha kuficha kicheko. Nilikuwa nimemfuata Godlove kwenye mila yake hatua kwa hatua.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Evelyn, nikamweleza. Nikamuuliza mtu anatolewaje kwenye picha. Akaniambia unalowesha pale kwa brashi safi na maji safi, unasubiri, unagandamiza kitambaa kikavu, rangi inanyanyuka. Unarudia polepole. "Lakini, baba, nilikuambia kuhusu ile bluu."

Nilifanya kazi hiyo tangu saa nne asubuhi mpaka jua linazama. Nilimtoa mtu yule kwa uaminifu wote, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Faili likatoka. Suruali ikatoka. Uso ukatoka vizuri kabisa. Lakini ile bluu kali ya mwavuli ilikuwa imenywea ndani ya karatasi. Kila nilipoinyanyua ilipungua, ila haikwisha. Nikisugua zaidi karatasi inachanika. Mwishoni pale ng'ambo, kando ya gari, pakabaki umbo la mtu mweupe, asiye na uso, chini ya kivuli cha bluu iliyopauka.

Ilikuwa mbaya kuliko mwanzo. Nikakaa chini. "Imeharibika, mwalimu. Mtu mzima nimekwama hatua ya mwisho."

Evelyn aliisogeza picha mbali, akaiegemeza ukutani, akarudi nyuma hatua kama sita. Kisha akasema, "Baba, usiiguse tena. Nakuomba. Usiiguse hata kwa kidole."

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Watu walikuja na watoto, wengine kutoka Moshi mjini, wengine wametoka ibada wakapitiliza. Godlove mwenyewe aliitundika picha yangu, mwishoni kabisa, nyuma ya mlango, ili mlango ukifunguliwa uifunike. Aikande akaja na kiti chake, akauzuia mlango kwa kiti, akakikalia. Ana mwili, mama yule. Mlango haukusogea siku nzima.

Mgeni rasmi akafika. Mama mrefu, viatu vya kawaida, sauti ndogo. Akapita. Kibo ya Eliezeri aliipenda. Kwenye ng'ombe aliuliza kama ni meza, na mwenye ng'ombe akajibu bila kuinuka kitini, "Ni ng'ombe, mheshimiwa, ila amechoka." Wakacheka wote. Halafu akafika kwangu.

Hakucheka. Alisimama. Waliomfuata nyuma wakasimama. Aliangalia mto, akaangalia machela, akaangalia ule mkono.

"Hii ni wapi?"

"Ni hapa, mheshimiwa. Dakika ishirini kwa miguu kutoka ulipoacha gari. Mimi ni Basili. Aliyelazwa ni mke wangu. Tulisubiri maji yapungue masaa matatu, akafa."

"Pole sana, mzee wangu." Akasogea karibu. Kidole chake kikaenda kwenye lile umbo jeupe. "Na huyu? Hapa palikuwa na mtu."

Kila mtu wa kijiji aliujua mwavuli ule. Siku ile ya mto wengi wao walikuwepo.

"Palikuwa na mtu," nikasema. "Nilimtoa."

"Kwa nini?"

"Tumepatana. Aliniletea isale, nikapokea."

"Ni nani?"

"Siwezi kumtaja, mheshimiwa. Nikimtaja nitakuwa nimerudisha isale lake."

Yeye si mtu wa kwetu, lakini alielewa, au aliona nyuso zetu akaelewa. Hakunibana. Alibaki tu ameliangalia lile doa, na watu wote nao wakaliangalia, watu mia na zaidi, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kumwangalia Godlove. Hilo ndilo lililomshinda. Wangemnyooshea vidole angebisha. Hakunyooshewa. Alikuwa amesimama mle ndani anajiona ukutani, mweupe, hana uso, na hakuna anayemsema.

"Ni mimi," akasema.

Mgeni akageuka. "Wewe mtendaji?"

"Ni mimi, mheshimiwa. Nilikuwa ng'ambo. Na taarifa kwamba kivuko kinapitika mwaka mzima niliiandika mimi. Hakipitiki. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano hakuna anayevuka."

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola. Hapo nikampenda kidogo. Kidogo tu. Wakubwa wake waliomtaka aandike uongo hawakuwepo kujitaja, na sidhani kama watajitaja.

Mama yule hakutoa hotuba. Ilikuwa imeandaliwa, niliiona mkononi mwa msaidizi wake, karatasi nne. Akasema, "Twendeni mtoni." Na wakaenda, kundi zima, kwa miguu, kwenye utelezi wa migombani, wakubwa wa wilaya wameshikilia mashina ya migomba wasianguke. Yule kijana mhandisi wa kompyuta alikuwemo. Alipofika kwenye ukingo akapima kwa macho, akapima kwa kamba, akaandika. Kata yetu ikarudishwa kwenye orodha palepale, mbele ya watu, kwa jina la mto na jina la kijiji.

Kabla ya kuondoka mgeni aliniomba picha. Alisema ataitundika ofisini kwake mpaka daraja lijengwe, iwe inamkumbusha.

"Hapana, mheshimiwa," nikasema.

Mwalimu Evelyn akanikanyaga mguu. Sikujali.

"Ofisini vitu vinapotea. Itakaa hapa ukumbini, mahali ambapo kila anayekuja kuomba kura ataiona. Mkishajenga, uje uichukue. Nitakuwekea na kioo."

Aikande akapiga kigelegele, na baada yake ukumbi wote, na watu waliokuwa nje ambao hata hawakusikia nilichosema wakapiga pia. Mama yule akanipa mkono. Akasema, "Mzee, wewe ni mgumu." Nikamwambia nimefundishwa na ofisi.

Sijawa mwepesi wa kuamini. Nimeishi miaka mingi chini ya ahadi za watu wenye magari. Lakini Jumanne iliyopita walikuja watu watatu wamevaa makoti ya njano, na vigingi, na chombo cha kupimia chenye miguu mitatu. Mhandisi alikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimeshakaa upande wa huku na ubao wangu, nimelowesha karatasi.

"Shikamoo, mzee," akaniita kutoka ng'ambo. "Unatuchora?"

"Nawachora."

"Jua kali huku. Naweza kusogea kivulini?"

"Usisogee," nikamwambia, "mpaka nimalize."

Akacheka, akanyoosha mgongo, na akasimama palepale alipo.